Taa ya Arobaini na Tatu

Darasa lao la chuo cha maigizo lilikuwa na wanafunzi ishirini na wawili, na ishirini kati yao walitaka kuonekana. Wawili tu ndio waliochagua kazi za nyuma ya pazia: msichana mmoja, usimamizi wa jukwaa, na mvulana mmoja mrefu asiye na maneno mengi, ufundi wa taa. Mwalimu wao aliwaita ofisini, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akasema, "Ninyi kazi hamtakosa. Mtakachokosa ni makofi." Wakacheka. Walikuwa na miaka ishirini na mitatu, na katika umri huo mtu hucheka hata akiambiwa ukweli.

Mwalimu hakukosea. Miaka kumi na minne imepita, na wale ishirini wametawanyika. Mmoja anasoma matangazo ya sabuni redioni. Mwingine anauza bima kwa ile sauti aliyoitayarisha kwa ajili ya kucheza wafalme, na inasemekana hakuna anayeweza kumkatalia. Yupo anayekodisha mahema na viti vya harusi, ambaye ukimuuliza atakwambia bado yumo kwenye sanaa, na sioni sababu ya kubishana naye. Lakini wale wawili wa nyuma ya pazia walipata kazi kabla hata vyeti havijatoka, kwenye ukumbi mmoja wa zamani wenye viti mia tatu na kumi na paa linalovuja juu ya safu ya mwisho.

Msichana walimwita Kengele, kwa sababu ndiye aliyepiga kengele ya kuwaita watazamaji ndani, na hakuwahi kuichelewesha hata kwa nukta. Mvulana walimwita Fundi tu.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, ni hivi. Msimamizi wa jukwaa hukaa kwenye kona, upande wa kushoto, nyuma ya pazia, mahali ambapo mtazamaji hawezi kumwona hata akijinyoosha shingo. Mbele yake kuna meza ndogo na Kitabu. Kitabu ni jalada nene lenye maneno yote ya mchezo, na pembeni mwa maneno, kwa penseli, kila kitu kinachotakiwa kutokea: taa gani iwake, mlio gani usikike, nani aingie na kwa mlango upi. Masikioni ana hedifoni. Fundi wa taa yuko mbali, kibandani, juu kabisa nyuma ya watazamaji, naye ana hedifoni yake. Basi ikikaribia taa ya kumi na mbili, msimamizi husema, "Taa kumi na mbili, jiandae." Fundi hujibu, "Tayari." Akishasema hivyo, huweka kidole kwenye kitufe na kunyamaza. Hasemi tena, haulizi, hakohoi ikiwezekana, mpaka asikie neno moja: "Washa."

Hiyo ndiyo sheria, na watu wa jukwaa huishika kuliko wanavyoshika ahadi zao za nyumbani. Taa haiwaki bila kuitwa. Na ukishajibu tayari, unasubiri, hata mwigizaji akisahau maneno yake na kusimama pale akimeza mate dakika nzima.

Kwa miaka tisa Kengele na Fundi waliongea hivyo. Ukihesabu maonyesho yote, walikuwa wameambiana "jiandae" na "tayari" mara nyingi kuliko wanandoa wengi wanavyosalimiana. Fundi alikuwa na mkono mwepesi. Neno "washa" lilikuwa halijaisha mdomoni, taa imeshawaka. Zaidi ya hapo, hakuna walichosema. Baada ya onyesho Kengele alibaki akiandika ripoti, Fundi akabaki akizima mitambo, na kila mmoja akatoka kwa mlango wake. Kengele alimpenda. Nasema wazi maana yeye mwenyewe hakusema. Alikuwa anaipenda ile "tayari" iliyomwingia sikio la kushoto, nzito, ya polepole, na mara nyingine alijikuta anawahi kusema "jiandae" kidogo kabla ya wakati ili aisikie mapema.

Halafu Fundi akapata kazi kwenye meli ya watalii, moja ya zile zenye ukumbi wa michezo ndani yake. Wahitimu wengi wa nyuma ya pazia huishia huko, kwa kuwa meli haziishiwi maonyesho. Onyesho lake la mwisho pale ukumbini lilikuwa Jumapili mchana, mchezo wa mjane anayepokea barua ya marehemu mumewe, barua iliyochelewa njiani. Kuna mahali mjane anaisoma barua kimyakimya. Jukwaa lote giza, mwanga uko mikononi mwake tu, na ukumbi mzima umebana pumzi.

Ndipo katikati ya kimya hicho taa ikawaka bila kuitwa. Na haikumulika jukwaa. Ilimulika kona, ikampiga Kengele usoni, yeye na Kitabu chake na penseli yake. Akapigwa na butwaa. Akahisi watazamaji wote wamemwona, ingawa hakuna aliyeweza kumwona. Macho yakamwuma, mistari ya Kitabu ikapotea, nusura akose kumwita mpiga ngoma. Taa ikakaa kidogo, kisha ikafifia taratibu, ikazimika.

Msimamizi mwingine labda angeinua uso. Kengele aliandika ripoti. Kwenye sehemu ya makosa aliandika kwa mwandiko wake ulionyooka: "Taa ya 43 iliwaka bila kuitwa. Pia imegeuka, inamulika kona ya msimamizi. Irekebishwe." Kesho yake asubuhi, kama ilivyo desturi, ripoti ikapita kwa kila fundi aisome na kutia sahihi. Fundi aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Kwenye nafasi ya majibu akaandika neno moja, "Imezimwa." Akaaga watu wote kwa kuwashika mikono, Kengele pia akamshika mkono, na siku ya tatu akaondoka.

Miaka mitano. Usiulize ilipitaje. Walikuja mafundi wanne mmoja baada ya mwingine, wote wazuri, na wote wakajibu "tayari" ipasavyo, na hakuna hata mmoja aliyemfanya awahi kusema "jiandae". Nyumbani aliishi na mama yake, nesi mstaafu. Mara mbili alijisikia akiliambia birika la chai, "Jiandae," na mama yake akasema kutoka sebuleni kwamba birika halijasoma chuo. Fundi alituma salamu kila mwaka mpya, naye akajibu salamu. Kwenye kundi la simu la darasa lao, yule wa mahema alimtania Fundi siku moja kwamba nywele zinamtoka na bado hana mke, anangoja nini? Fundi akajibu, "Bado sijaitwa." Watu wakavunjika mbavu. Kengele naye aliweka kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi, akarudi kwenye Kitabu chake.

Mwaka huu ukumbi ukaamua kuurudisha mchezo wa mjane. Fundi wa taa sasa alikuwa mwanamke mwenye miaka hamsini na ushee aliyeanza maisha yake akitandaza nyaya kwenye majumba ya watu, kisha akaingia chuo cha maigizo ukubwani, akiwa mwanafunzi mzee kuliko walimu wake wawili. Wote walimwita Mama Waya. Alikuwa na mdomo, lakini mikono yake haikuwa na mchezo.

Siku ya kukagua taa, Mama Waya alikuwa juu ya ngazi, karibu na dari, na Kengele chini akishika mchoro wa zamani.

"Bosi!" Mama Waya aliita. "Hii ya arobaini na tatu ya nini? Waya wake umechomolewa."

"Iache hiyo," Kengele alisema. "Iligeuka zamani. Inamulika kwangu, haina kazi."

"Iligeuka?"

"Iligeuka. Niliandika kwenye ripoti."

Juu ikasikika spana ikigonga chuma.

"Mwanangu, mimi nimefunga taa tangu hujavunja ungo. Hii haikugeuka. Ina bolti mbili mahali ambapo wenzake wana moja, halafu imekazwa kwa mnyororo. Mtu alipanda hapa, akaielekeza pale unapokaa, akaifunga isisogee hata tetemeko lipite. Na kaweka karatasi ya rangi mbele yake, ile ya joto, ambayo hatuweki ila kwa uso wa mtu unayetaka apendeze. Hebu soma mchoro unasemaje."

Kengele alikuwa hajawahi kuusoma mchoro wa taa. Kwake taa zilikuwa namba, na namba zilikuwa Kitabuni. Akaufungua ule mchoro uliochakaa mikunjoni. Arobaini na moja: mlango. Arobaini na mbili: mikono ya mjane. Arobaini na tatu, kwa mwandiko mdogo ulioinama: "Uso wa K. Isimuumize macho. Sekunde ishirini."

Akausoma tena. Akakaa juu ya sanduku la nyaya.

"Inasemaje?" Mama Waya aliuliza.

"Inasema..." Kengele alianza, kisha akaukunja mchoro. "Mama, irudishie waya wake. Halafu twende kibandani."

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona jukwaa kutoka kibandani taa zikiwa zinaendeshwa, kwa sababu taa zikiendeshwa yeye yuko konani akiziita. Walipanda ngazi za nyuma. Kibanda kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha refu na meza ya mitambo katikati. Mama Waya akazima ukumbi wote, akabonyeza arobaini na tatu.

"Mbona sioni kitu?" Kengele alisema akiwa katikati ya dirisha.

"Hapo huoni. Sogea huku kushoto, mwisho kabisa. Nilishangaa nilipoanza kazi. Tazama sakafuni."

Sakafuni palikuwa na vipande vinne vya utepe mweupe vilivyofifia, pembe nne, alama ambayo watu wa jukwaa huweka pale ambapo kiti kinatakiwa kukaa kila siku bila kukosea. Alama ya kigoda. Haikuwa mbele ya mitambo ambapo fundi yeyote mwenye akili timamu angeketi. Ilikuwa pembeni, ukutani, mahali ambapo ili kufikia vitufe ni lazima ujinyooshe mkono mzima. Kengele akasimama ndani ya pembe zile nne, akatazama.

Kutoka hapo, na hapo tu, jicho lilipita kwenye ufa kati ya pazia na ukuta likafika konani. Aliiona meza yake. Aliliona sweta lake la kijivu juu ya kiti, lile la miaka yote, likiwa limewekewa mwanga wa joto wenye upole. Miaka tisa Fundi alikuwa amenyoosha mkono ili aweze kumtazama. Gizani hakuona zaidi ya kivuli na ncha ya penseli. Na siku ya mwisho, kabla ya kwenda zake, alitaka amwone uso kwa sekunde ishirini, na Kengele aone kwamba anaonwa.

Naye akamwandikia kosa.

Alilia pale pale, si kwa adabu, kwa kwikwi, na Mama Waya, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, akajishughulisha na kufuta vumbi juu ya mitambo.

Jioni hiyo alimkuta mama yake akichambua mchele. Akamweleza yote, akiwa amesimama na mkoba begani.

"Ndiyo maana," mama yake alisema.

"Ndiyo maana nini?"

"Alikuja hapa kuaga, yule kijana. Ulikuwa kazini. Nikampa chai. Akaniuliza, 'Mama, hajasema kitu kuhusu juzi?' Nikamwambia huyu akirudi hasemi kitu, anakula analala. Akamaliza chai, akaosha na kikombe, akaondoka. Mimi nilidhani anauliza habari za kazi."

"Mama! Hukuniambia!"

"Nikuambie nini, kwamba mtu kaosha kikombe?" Mama yake aliiweka sinia pembeni, akamshika mkono. "Wewe mwenyewe taa imekupiga usoni ukadhani imeharibika. Sasa mimi niliyekuwa jikoni ningejuaje?"

Kengele akacheka katikati ya machozi. Kisha akaingia chumbani, akaitoa simu, na hapo ndipo shida ilipoanza. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta. Aliandika wa kuomba radhi, akauona unafanana na barua ya ofisi, akaufuta. Aliandika kwamba amemkumbuka, akaliona neno dogo mno, halafu akaliona kubwa mno. Angesema nini? Labda Fundi alishaacha kungoja. Labda ile "bado sijaitwa" ilikuwa mzaha tu. Mtu mzima mwenye miaka thelathini na saba alikaa kitandani roho juu, akiogopa simu aliyoinunua mwenyewe.

Siku ya tatu akapiga moyo konde. Akaandika kwa lugha pekee waliyowahi kuongea: "Taa arobaini na tatu, jiandae."

Akatuma. Ikatokea tiki moja, ikabaki moja. Meli ilikuwa majini, na majini hakuna mtandao mpaka bandari nyingine. Kesho yake tiki moja. Keshokutwa tiki moja. Mazoezi yakaendelea, mjane akafundishwa kulia bila kufunika uso, mpiga ngoma akagombana na mtu wa mavazi, na Kengele akawa anachungulia simu kila wanapopumzika, yeye ambaye aliwahi kumtoa mwigizaji mazoezini kwa kosa hilohilo. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Onyesho la ufunguzi lilikuwa Jumapili saa tisa mchana. Tiki bado moja. Alipiga kengele kwa wakati, akazima simu kama sheria inavyotaka, akaitumbukiza mkobani. Kitabuni, ukurasa wa barua, alikuwa ameongeza mstari kwa penseli.

Mjane akafungua bahasha. Ukumbi ukabana pumzi.

"Taa arobaini na tatu," Kengele alisema, "jiandae."

"Tayari," Mama Waya akajibu.

"Washa."

Mwanga ukamshukia. Safari hii hakuinamia Kitabu. Aliinua uso kuelekea kule juu kushoto, kwenye dirisha ambalo aliyelistahili hakuwepo, akajiacha atazamwe. Macho hayakumwuma. Hata siku ile hayakumwuma kwa sababu ya taa. Yalimwuma kwa woga. Akahesabu moja, mbili, tatu, bila haraka, na kadiri alivyohesabu ndivyo alivyomtamani yule mtu awe pale, kwenye pembe zake nne, mkono umenyooshwa. Ishirini. Mwanga ukafifia. Akamwita mpiga ngoma kwa wakati.

Makofi yalipokwisha na ukumbi kubaki mtupu, alikaa na karatasi ya ripoti. Muda wa kuanza, muda wa kumaliza, idadi ya watazamaji. Kwenye sehemu ya makosa ya taa akaandika, "Hakuna." Chini yake akaongeza: "Sahihisho la ripoti ya miaka mitano iliyopita: taa ya 43 haikuwa kosa. Kosa lilikuwa la msimamizi." Akatia sahihi.

Ndipo akawasha simu. Tiki zilikuwa mbili. Na chini ya ujumbe wake palikuwa na neno moja, lililotumwa nusu saa iliyopita kutoka bandari asiyoijua:

"Tayari."

Akalisoma, akalisikia sikio la kushoto. Akangoja kama kutakuwa na lingine, salamu, swali, chochote. Halikuja, na alijua kwamba halitakuja. Fundi alikuwa amejibu, na aliyejibu tayari hasemi tena. Yuko huko, kidole kwenye kitufe, anangoja, na anaweza kungoja mpaka kesho, kama alivyokwisha kungoja miaka mitano. Zamu ilikuwa ya msimamizi.

Mama Waya alipita na ngazi begani, akamwona, akaendelea na safari yake bila kuuliza. Kengele akaandika neno lile moja, "Washa," akalituma.

Hajaondoa hata kidole kwenye kioo, simu ikaita.